Jon Postel, mtunza amana wa barua pepe



Ndugu wasomaji, katika jarida letu tumezoea kusoma maisha ya maulamaa. Safari hii naomba ruhusa nimlete mtu wa fani nyingine, kwa sababu kazi yake imenifundisha amana kwa namna iliyoniuma.

Jina lake nilikutana nalo likizoni, nyumbani Kamembe. Kompyuta yangu ni kuukuu, nikifungua kivinjari inaganda, na vifurushi vya intaneti si vya kuchezea. Nikaamua kuandika programu ndogo ya barua pepe inayofanya kazi kwenye terminali, yaani maandishi matupu, bila picha wala kipanya. Kila nilipotafuta kanuni za kupeleka barua, nilirudishwa kwenye waraka mmoja wa Agosti 1982 uitwao RFC 821. Mwandishi wake ni Jonathan Postel.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, California. Alisoma uhandisi katika chuo kikuu cha UCLA, akapata shahada ya kwanza mwaka 1966, ya pili 1968, na uzamivu wa sayansi ya kompyuta 1974. Alikuwa bado mwanafunzi kama sisi pale, Oktoba 1969, chuo chake kilipotuma ujumbe wa kwanza katika mtandao wa ARPANET, uliokuja kuzaa intaneti. Mwaka huohuo zilianza kuandikwa nyaraka za makubaliano ya mtandao, ndizo RFC, naye akashika kazi ya kuzihariri mpaka alipofariki.

Wenzake humkumbuka kwa ndevu ndefu na kandambili. Kazi yake haikuwa ya kupigiwa makofi: alitunza orodha ya namba. Kila huduma ya mtandao ilihitaji namba yake isiyogongana na ya mwenzake, naye ndiye aliyezigawa na kuzisajili. Barua pepe ina namba 25. Ilipofika zamu ya majina ya nchi, hakujipa ukadhi wa kuamua ipi ni nchi na ipi siyo. Alifuata orodha ya kimataifa ya ISO. Ndiyo maana Rwanda ina .rw na Tanzania .tz.

Kanuni yake ya barua ni nyepesi. Programu inaisalimia seva, inamtaja mtumaji, inamtaja mpokeaji, inatoa barua, kisha inafunga kwa nukta iliyo peke yake katika mstari. Kila hatua seva hujibu kwa namba: 250 imekubali, 550 imekataa. Seva ikishakubali barua, imebeba jukumu: ama iifikishe, ama imrudishie mtumaji habari kwamba imeshindikana. Kunyamaza si ruhusa.

Mimi nilinyamaza. Programu yangu haikusoma jibu la seva. Kila mara iliandika kwamba barua imetumwa. Ndugu mmoja wa jumuiya yetu aliniomba nimtumie maombi ya ufadhili, nami nikamhakikishia kwamba yamekwenda. Kumbe nilikosea herufi moja ya anwani, seva ikajibu 550, na programu yangu ikalitupa jibu lile. Tulipogundua, siku ya mwisho ilikuwa imepita.

Postel naye hakukosa lawama. Januari 1998 aliwaomba wasimamizi wa seva kuu za majina ya mtandao wafuate kompyuta yake. Wanane kati ya kumi na wawili wakakubali. Serikali ya Marekani ilipomtaka arudishe mambo yalivyokuwa, alirudisha. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo alifariki Los Angeles baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 55. Wiki chache kabla, shirika la ICANN lilikuwa limeundwa kurithi kazi aliyoifanya kwa miaka mingi na wenzake wachache tu.

Yule ndugu yangu amenisamehe, Allah amlipe kheri. Nimeirekebisha programu: sasa inasoma kila namba, na ikikataliwa inasema. Ila kilichonizidi uzito si programu. Katika jumuiya tunapokea michango, barua na maombi ya watu, tukisema tumepokea. Tukishindwa, turudi tuseme mapema, wakati mwenye haja bado ana muda wa kugonga mlango mwingine.

Wabillahi tawfiq.