Steinmetz, mkimbizi aliyeupigia umeme hesabu

Aliyewahi kusimamishwa Malaba au Busia akaambiwa arudi alikotoka ataelewa yaliyomkuta Charles Proteus Steinmetz alipofika New York mwaka 1889. Alikuwa kijana wa miaka 24, mfupi mno, mwenye kibyongo, Kiingereza cha kubabaisha na mfuko mtupu. Maofisa wa uhamiaji walitaka kumrudisha. Rafiki aliyesafiri naye akamdhamini, wakampitisha.

Alizaliwa Aprili 9, 1865 mjini Breslau, wakati huo sehemu ya Prussia, leo Wrocław nchini Poland. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Chuoni alikuwa hodari wa hesabu, lakini aliandikia gazeti la Wasoshalisti wakati Bismarck amewapiga marufuku. Mwaka 1888, udaktari ukiwa karibu, ilimbidi akimbie kupitia Uswisi, bila cheti. Sisi tuliosoma uhamishoni tunajua adha hiyo. Vyeti hupotea njiani, ila hesabu haikaguliwi mpakani.

Marekani alianzia katika kiwanda cha Rudolf Eickemeyer, baadaye akaingia kampuni ya General Electric mjini Schenectady. Umeme wa mkondo geu ulikuwa ukiwatesa mafundi, maana hubadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde, na kuukokotoa kulidai kalkulasi ngumu. Mwaka 1893, katika mkutano wa Chicago, Steinmetz alionyesha kuwa kazi hiyo yaweza kufanywa kwa namba changamano, zile zenye mzizi wa hasi moja ambazo wanafunzi wangu hapa Kampala huziona ni mzaha wa walimu. Kalkulasi ikageuka aljebra. Kwangu hilo linaipita hata ile radi ya kutengeneza iliyompa sifa magazetini mwaka 1922.

Mwaka 1920 aliandika juu ya jambo ambalo wachache walikuwa wameliona: uthabiti wa vituo vya umeme vilivyounganishwa. Fikirieni wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Wakipishana vyema, kazi inakwenda. Mmoja akipoteza mwendo, michi inagongana. Jenereta mbili zilizounganishwa kwa waya mrefu nazo lazima zizunguke kwa mwendo mmoja. Moja huitangulia nyingine kwa pembe ndogo, na pembe hiyo ndiyo inayopitisha umeme. Ikikua, umeme unaopita huongezeka kwa kufuata saini ya pembe, ile tunayoifundisha sekondari, hadi nyuzi 90. Katika hesabu iliyorahisishwa hapo ndipo kikomo. Ikizidi, umeme hupungua badala ya kuongezeka, jenereta hupotezana, mitambo ya ulinzi hukata njia na miji huingia gizani. Waya ukirefushwa mara mbili, kikomo hushuka karibu nusu.

Haya si mambo ya mbali. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1958 umeme wake ukaanza kwenda Kenya kwa njia ya kilovoti 132 kupitia Tororo. Njia inapounganisha mitambo ya pande mbili, kinu ni kimoja, na kishindo cha upande mmoja husikika wa pili. Mwenye friji la samaki Busia au mashine ya kusaga Tororo hapati taarifa. Anaona taa zimezimika tu. Wahandisi wanaopanga njia za namna hii hutumia kompyuta, lakini namba zilizomo ndani ni zilezile changamano.

Mwenyewe hakuacha siasa zake. Akiwa mtumishi wa kampuni kubwa ya kibepari, mwaka 1922 alimwandikia Lenin akijitolea kusaidia mpango wa umeme wa Urusi! Pia alikuwa mwenyekiti wa bodi ya elimu ya Schenectady, na kuanzia 1902 alifundisha Chuo cha Union, ambacho ndicho kilichokuja kumpa udaktari. Hakuoa. Alimfanya msaidizi wake, Joseph Hayden, mwanawe wa kulea, na watoto wa Hayden wakawa wajukuu zake. Alifariki Oktoba 26, 1923 akiwa na miaka 58, akazikwa Schenectady.