WALIOTUTANGULIA: DK. MATTHEW LUKWIYA (1957–2000)

Katika ukurasa huu wa kila mwaka, safari hii tunamkumbuka jirani yetu wa Uganda, kwa kuwa maisha yake yanagusa jambo tunalolichangia: afya ya watu wa Masuguru.

Matthew Lukwiya alizaliwa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1957. Baba yake, mchuuzi wa samaki, alifariki kwa kuzama majini Matthew akiwa na miaka 12, na mama akawalea watoto kwa biashara ndogondogo. Kijana alisoma kwa ufadhili hadi Chuo Kikuu cha Makerere, akatoka daktari. Mwaka 1983 alianza kazi katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, iliyoongozwa na Dk. Piero Corti na mkewe Dk. Lucille Teasdale.

Vita vilipoingia Acholi, wengi wenye uwezo waliondoka. Yeye alibaki. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini kuwateka masista. Alijitoa achukuliwe yeye badala yao, akatembezwa porini wiki nzima akiwa na koti lake la kidaktari, kisha akaachiwa. Baada ya hapo alifungua uwanja wa hospitali ili maelfu ya wanakijiji wapate pa kulala salama usiku.

Alikwenda Liverpool, Uingereza, kusomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto. Alifaulu vizuri mno hata akapewa nafasi ya kufundisha huko. Aliikataa, akarudi Lacor.

Mwaka 2000 alikuwa Kampala akisomea afya ya jamii. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, yeye, mkewe Margaret na watoto wao watano walikuwa wanaishi mbali na milio ya bunduki. Tarehe 7 Oktoba aliitwa kwa simu: ugonjwa usiojulikana ulikuwa unaua watu Lacor, wakiwemo wanafunzi wa uuguzi. Alikwenda mara moja, akapitia majalada ya wagonjwa usiku kucha, akashuku Ebola. Vipimo vilivyofanyika Afrika Kusini vilithibitisha.

Alifungua wodi ya pekee na kuwaomba watumishi wajitolee. Wauguzi walipoanza kufa, wenzao walitaka kuacha kazi. Aliwakusanya akazungumza nao kwa saa nyingi: anayetaka kuondoka yuko huru, yeye atabaki. Wakarudi wodini.

Lakini kabla ya kikao hicho alikuwa ameshaambukizwa. Usiku wa tarehe 20 Novemba muuguzi mmoja mgonjwa alianza kutokwa damu nyingi. Dk. Matthew aliamshwa akakimbia kumsaidia, akavaa gauni, glavu na barakoa, ila macho hayakuwa na kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba, akiwa na miaka 43. Mkewe hakuweza kumshika ila kwa mkono wenye glavu, na mazishi ndugu waliyatazama kwa mbali. Alizikwa palepale Lacor, kando ya kaburi la Dk. Lucille. Mlipuko ule uliua watu 224 kati ya 425 waliougua. Watumishi wa Lacor waliokufa walizidi kumi.

Si habari ya mbali. Machi 2023 Marburg, ndugu wa Ebola, iliingia Kagera, na mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki.

Ndugu wana-Masuguru, tunawasifu waganga na wauguzi kwa kujitoa, na wanastahili. Ila kujitoa kwingine hakukupaswa kuwapo. Muuguzi anayezalisha mama kwa mwanga wa tochi ya simu, bila glavu za kutosha, tukimwita shujaa tu tutakuwa tumemlipa maneno. Ujasiri wake ni zawadi yake kwetu. Maji, taa, vifaa na nyumba ya kulala ni wajibu wetu kwake. Mchango wako wa leo, mkubwa au mdogo, unampunguzia mtu mwingine gharama ya kutuhudumia.