SALVADOR SÁNCHEZ, BINGWA WA UZITO WA UNYOYA

Ndugu msomaji, huenda umewahi kusikia watu wakibishana juu ya ngumi. Mmoja husema bondia fulani ni bingwa mkubwa kwa sababu ameshika ubingwa miaka mingi. Mwingine husema mkubwa ni yule aliyechukua ubingwa wa uzito mbalimbali. Leo utasoma habari za kijana ambaye hakufanya hili wala lile. Alikuwa bingwa wa dunia kwa miaka miwili na nusu tu, tena wa uzito mmoja. Alikufa akiwa na umri wa miaka 23. Hata hivyo, wajuzi wa ngumi humhesabu miongoni mwa mabingwa wakubwa. Je, wana haki? Soma, kisha uamue mwenyewe.

Kijana wa Meksiko

Jina lake ni Salvador Sánchez. Alizaliwa tarehe 26 Januari 1959 katika mji mdogo wa Santiago Tianguistenco, nchini Meksiko. Nchi hiyo inapakana na Marekani upande wa kaskazini. Mwaka 1975, akiwa na miaka 16, alianza kupigana ngumi za kulipwa.

Unajua kwamba mabondia hupimwa kwenye mizani kabla ya kupigana. Hufanywa hivyo ili mtu mwepesi asipambanishwe na mtu mzito. Mwaka 1977 Sánchez aligombea ubingwa wa nchi yake katika uzito wa bantam, ambao hauzidi kilo 53 na nusu. Alipigana na Antonio Becerra, akashindwa kwa pointi. Alikuwa na miaka 18.

Kijana mwingine angekata tamaa. Sánchez hakukata tamaa. Alipanda akaingia uzito wa unyoya, ambao hauzidi kilo 57. Ukitaka kuufahamu uzito huo, fikiria mfuko mmoja wa simenti, kisha ongeza kilo 7. Tangu siku aliposhindwa na Becerra hadi siku ya kufa kwake, hakushindwa tena na mtu yeyote.

Anachukua ubingwa

Mkanda wa ubingwa wa uzito wa unyoya ulikuwa umewahi kukaa Afrika. David Kotei wa Ghana aliuchukua mwaka 1975. Mwaka 1976 Danny Lopez wa Marekani alikwenda Accra, akamshinda Kotei na kuondoka nao. Lopez alikuwa na ngumi nzito sana. Alikubali kupigwa ngumi nyingi ili apate nafasi ya kupiga moja ya kumwangusha mwenzake.

Tarehe 2 Februari 1980, Sánchez alikutana na Lopez katika mji wa Phoenix, Marekani. Alikuwa ametimiza miaka 21 wiki moja tu kabla. Lopez alimfuata kwa nguvu. Sánchez alirudi nyuma hatua moja, akaikwepa ngumi, ndipo akapiga yake. Aliendelea hivyo raundi baada ya raundi. Katika raundi ya 13, mwamuzi alisimamisha pambano kwa sababu Lopez alikuwa amepigwa mno. Mwezi Juni mwaka huohuo walirudiana. Safari hii Lopez alifika raundi ya 14, akashindwa tena.

Hapo unaona namna ya kupigana ya Sánchez. Hakuwa na haraka. Wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Siku hizo pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa la raundi 15. Baadaye zilipunguzwa zikawa 12. Wengi walichoka mwishoni, lakini Sánchez alikuwa na pumzi hadi kengele ya mwisho.

Mapambano mawili makubwa

Tarehe 21 Agosti 1981, Sánchez alipambana na Wilfredo Gómez wa Puerto Rico katika mji wa Las Vegas. Gómez alikuwa bingwa wa uzito ulio chini kidogo ya unyoya. Alikuwa ameshinda mapambano 32 na kutoka sare moja. Katika ushindi wote huo hakuna hata mmoja uliopatikana kwa pointi. Wote walioshindwa naye walishindwa kabla ya raundi kwisha. Watu wengi walitegemea kwamba Sánchez naye angeangushwa.

Mambo yakawa kinyume. Katika raundi ya kwanza, Gómez ndiye aliyeanguka. Aliinuka akapigana kishujaa, lakini uso wake ulivimba. Katika raundi ya 8 mwamuzi alisimamisha pambano.

Pambano la mwisho la Sánchez lilikuwa New York, tarehe 21 Julai 1982. Alipigana na kijana wa Ghana aliyeitwa Azumah Nelson. Nelson alikuwa hajulikani sana. Aliitwa siku chache tu kabla ya pambano, baada ya bondia mwingine kushindwa kufika. Wengi walidhani kazi ingekuwa rahisi, lakini haikuwa hivyo. Nelson alimsumbua bingwa raundi 14 nzima. Katika raundi ya 15, raundi ya mwisho, Sánchez alimwangusha, na mwamuzi akamaliza pambano.

Kifo chake

Alfajiri ya tarehe 12 Agosti 1982, wiki tatu baada ya pambano hilo, Sánchez alikuwa akiendesha gari lake dogo la mwendo wa kasi katika barabara kuu ya Meksiko. Gari hilo liligongana na lori. Bingwa akafa palepale. Alikuwa amepigana mara 46. Alishinda 44, alishindwa moja na kutoka sare moja.

Sasa tumpime

Ndugu msomaji, tuweke mambo kwenye mizani bila kupendelea.

Upande mmoja, muda wake ulikuwa mfupi. Hatujui angefanya nini katika uzito wa juu zaidi, wala angefanya nini nguvu zake zingepungua kwa umri. Tena, si kila ushindi wake ulikuwa rahisi. Alipopigana na Patrick Ford mwaka 1980 na Pat Cowdell mwaka 1981, majaji hawakukubaliana wote. Alishinda kwa shida.

Upande wa pili, alitetea ubingwa wake mara 9 katika miaka miwili na nusu. Hakukaa na mkanda nyumbani akichagua watu dhaifu.

Lakini jambo zito zaidi ni hili. Tazama mkanda wake ulikwenda wapi baada ya kifo chake. Mwezi Septemba 1982 ulichukuliwa na Juan LaPorte. Sánchez alikuwa amemshinda LaPorte mwaka 1980. Mwezi Machi 1984 LaPorte alinyang'anywa na Wilfredo Gómez. Sánchez alikuwa amemshinda Gómez pia. Mwezi Desemba 1984 Gómez alinyang'anywa na Azumah Nelson, na mkanda ukarudi Ghana. Naye Nelson alikuwa ameshindwa na Sánchez. Nelson aliendelea kuwa mmoja wa mabondia wakubwa kabisa wa Afrika.

Basi mabingwa watatu walifuatana katika kiti kimoja, na wote watatu walikuwa wamekwisha kupigwa na kijana yuleyule. Ndiyo maana wajuzi humwita mkubwa. Hawahesabu miaka wala mikanda. Wanaangalia alipigana na nani, na watu hao walikuwa watu wa namna gani.

Hata kijijini tunapima watu hivyo. Hatumsifu mkulima kwa kuwa ana jembe la siku nyingi. Tunauliza amelima shamba gani, na amevuna nini.

Maswali

1. Sánchez alifanya nini baada ya kushindwa mwaka 1977?
2. Eleza namna alivyopigana na Danny Lopez.
3. Kwa nini mabondia hupimwa uzito?
4. Jadilini darasani: Je, mtu aliyefanya kazi nzuri kwa muda mfupi aweza kuitwa mkubwa kuliko aliyefanya kwa muda mrefu? Toeni sababu.