Tom Mboya na mzigo wa kumkimu mwanafunzi wa chuo kikuu

JINA la Thomas Joseph Mboya hukumbukwa zaidi kwa siasa, vyama vya wafanyakazi na risasi zilizomkatizia maisha jijini Nairobi mwaka wa 1969. Hata hivyo, ipo kazi nyingine aliyoifanya ambayo matunda yake yamedumu kuliko hotuba zake zote. Kazi hiyo ni kutafuta fedha za kuwasaidia vijana waliokuwa na akili ya kusoma chuo kikuu lakini mifuko ya wazazi wao ilikuwa mitupu.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, Leonard Ndiege, alikuwa mfanyakazi. Asili ya jamaa yake ilikuwa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Alisomea shule za wamishonari Wakatoliki hadi akafika Mangu, lakini mwaka wa 1947 masomo yake ya sekondari yalikatika kwa kukosa karo. Akaingia katika chuo cha Jeanes, Kabete, kujifunza ukaguzi wa afya, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Huko aliona jinsi Mwafrika alivyolipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Alijitosa katika harakati za wafanyakazi, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyao. Kati ya 1955 na 1956 alipata nafasi ya kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, nchini Uingereza. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza mkutano wa mataifa ya Afrika jijini Accra, Ghana.

Wakati huo uhuru ulikuwa ukinukia, lakini wasomi wa kuiendesha serikali walikuwa wachache mno. Makerere, nchini Uganda, ndicho kilichokuwa chuo cha kutegemewa kwa shahada katika Afrika Mashariki nzima, na nafasi zake zilihesabika. Mnamo 1959, Mboya alizuru Marekani kwa majuma kadhaa, akihutubu katika miji na vyuo. Alirejea na ahadi za nafasi nyingi za masomo. Kizingiti kilikuwa nauli ya ndege.

Pamoja na rafiki yake mfanyabiashara, William Scheinman, na Wakenya wenzake kama Dkt Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, alishirikiana na taasisi ya Wamarekani iliyoundwa kuwafaa wanafunzi wa Afrika. Mwanamuziki Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walikubali kutia sahihi ombi la michango. Fedha zikaja, na mnamo Septemba 1959 ndege ilipaa kutoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Serikali ya kikoloni haikufurahia, ikidai kwamba baadhi ya vyuo vya Marekani vilikuwa vya hadhi ya chini.

Lakini nauli ilikuwa mwanzo tu wa safari. Mwanafunzi alihitaji chakula, malazi, vitabu na nguo za kukabili baridi ambayo hakuwahi kuijua. Alihitaji pia mtu wa kumwelekeza ugenini, hasa katika nchi ambayo ubaguzi wa rangi ulikuwa bado umekita mizizi. Huku nyumbani jamaa na majirani waliuza mifugo na kuandaa karamu za chai ili kuchangisha pesa. Kule Marekani, familia zilijitolea kuwapokea wageni hao nyakati za likizo, na wengi wao walifanya vibarua ili wajikimu. Bila mikono hiyo, tiketi ya ndege ingalikuwa karatasi tu.

Mwaka wa 1960 waombaji waliongezeka, na serikali ya Marekani ikakataa kugharimia usafiri. Mnamo Julai, Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, nyumbani kwake Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na zaidi ya wanafunzi 200 wakasafiri mwaka huo. Hadi 1963, karibu vijana 800 kutoka Kenya na nchi jirani walikuwa wamefaidika na mpango huo.

Miongoni mwao alikuwa Wangari Maathai, aliyesomea biolojia jimboni Kansas na kutuzwa Nobeli ya Amani mwaka wa 2004. Wengi hudhani kuwa Barack Obama, babake rais wa 44 wa Marekani, alikuwa katika ndege ile ya kwanza. Sivyo; nauli yake ya kwenda Hawaii mwaka huo huo ililipwa na wafadhili wengine.

Baada ya uhuru, Mboya alihudumu kama waziri wa Haki na Masuala ya Katiba, kisha wa Mipango ya Kiuchumi. Alipigwa risasi Julai 5, 1969 katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue, akiwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.

Kenya ya leo ina vyuo vikuu vingi, na tangu 1995 ina bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Hata hivyo, mwanafunzi anayelala njaa, au anayezongwa na mawazo chumbani pasipo mshauri wa kumsikiliza, hawezi kuokolewa na karo pekee. Chakula, malazi na huduma za ushauri nasaha zinahitaji fungu lake katika bajeti, si kuachiwa makombo. Wale waliompeleka kijana wa Rusinga au Nyeri ng'ambo miaka ya sitini walichanga hata pesa za koti lake la baridi. Wanaopanga fedha za vyuo vyetu wana la kujifunza hapo.