Sam Ntiro: Mchoraji Aliyeipeleka Machame Duniani



Katika kijitabu cha mwaka huu tunamkumbuka mzee wetu Sam Joseph Ntiro. Wenye umri mkubwa wanamfahamu kama balozi. Vijana wengi hawamfahamu kabisa, na hilo ni deni letu sote.

Mzee Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, miaka miwili kabla ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kuunda chama chao cha kwanza. Alikua akiona kazi za kihamba: migomba, kahawa, ng'ombe na mifereji ya maji iliyochimbwa na kusafishwa kwa nguvu ya pamoja.

Miaka ya 1940 alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, ambako Mama Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya uchoraji. Alipomaliza masomo, alibakizwa hapo kuwa mwalimu. Kisha, kati ya mwaka 1952 na 1955, alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, mojawapo ya shule za sanaa zenye jina kubwa Uingereza.

Mtu angedhani angerudi akichora kama Wazungu, lakini hakufanya hivyo. Aliendelea kuichora Machame, na mara nyingi aliichora kwa kumbukumbu tu akiwa mbali. Hakujisumbua kunakili kila kitu kama jicho linavyokiona. Vilima vyake ni mabaka mapana ya rangi, na watu wake ni wadogo, wenye nyuso zisizo na alama nyingi, ili macho ya mtazamaji yaende kwenye kazi wanayoifanya pamoja. Walikuwapo waliodhani kwamba huo ni uchoraji wa kitoto. Yeye hakubadili mkono wake.

Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, Marekani. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu: mbege yetu, ambayo wengine waliiona kuwa pombe ya kishamba tu, ikahifadhiwa katika nyumba moja na kazi za Picasso.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mzee Ntiro aliteuliwa kuwa Balozi wetu wa kwanza London, na alishika kazi hiyo hadi mwaka 1964. Mkewe wakati huo alikuwa Mama Sarah Nyendwoha wa Uganda, msomi wa Oxford na mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Baada ya ubalozi, Mzee Ntiro alirudi nyumbani, akawa Kamishna wa Utamaduni, na baadaye akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Mtoto wa Machame anayetaka kuiona ile picha ya mbege leo atahitaji pasipoti na tiketi ya ndege. Picha ilitoka hapa, lakini hapa haipo. Na pengine yuko mtoto mwingine katika shule zetu za msingi, mwenye mkono kama wa Mzee Ntiro, anayechora kwa mkaa ukutani na kuchapwa kwa kuuchafua ukuta, kwa sababu hana karatasi, hana rangi, wala mwalimu wa kumwambia kwamba hicho alicho nacho ni kipaji.

Msaragambo ambao Mzee Ntiro alikua akiuona, na kuupenda hata akauchora, ndio huu tunaouitisha sasa kwa njia ya michango. Zamani mtu alikuja na jembe, na aliyekosa jembe alikuja na mikono yake. Leo aliye Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo aje na alichojaliwa, kidogo au kikubwa. Madarasa, vitabu na vifaa vya watoto wetu havitajengwa wala kununuliwa na mtu mmoja.

Mzee Ntiro alikaa miaka mingi mbali na nyumbani bila kupasahau. Nasi tusipasahau.

Karibuni tuchangie.