Paul Broca na Mtu wa Neno Moja

Mtoto wa Ndalambo husema Kinyamwanga na mama yake, na Kiswahili na mwalimu wake, wala hajiulizi maneno hayo hutoka wapi. Watu wengi hudhani kwamba ulimi ndio wenye maneno. Lakini ulimi ni mtumishi tu. Bwana wake ni ubongo uliomo kichwani. Mmoja wa watu waliotuonyesha jambo hili waziwazi alikuwa Mfaransa, jina lake Paul Broca.

Broca alizaliwa tarehe 28 Juni, 1824, katika mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa tabibu, na mwanawe akaifuata kazi hiyo. Alipokuwa kijana wa miaka 17 alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kusomea udaktari. Alikuwa mwenye bidii nyingi, akawa daktari mpasuaji na mwalimu wa madaktari. Mwaka 1859 yeye na wenzake walianzisha chama cha wataalamu waliotaka kuchunguza habari za wanadamu.

Siku zile wataalamu walikuwa wakishindana juu ya ubongo. Wengine walisema kwamba ubongo wote hufanya kazi zote kwa pamoja. Wengine walisema kwamba kila kazi ina mahali pake, na kwamba mahali pa kusemea ni upande wa mbele. Maneno yalikuwa mengi, lakini ushahidi ulikuwa haba.

Basi, mwezi wa Aprili, 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, Broca aliletewa mgonjwa mwenye jipu baya la mguu. Jina lake lilikuwa Leborgne, na umri wake miaka 51. Tangu ujana wake alikuwa na kifafa, naye alikuwa ameishi hospitalini miaka mingi, kwa kuwa alikuwa hawezi kusema. Kila alipoulizwa neno alijibu tan, tan, huku akionyesha kwa mkono. Kwa hiyo watu wote wa pale walimwita Tan. Alipokasirika sana, laana moja ilimtoka. Zaidi ya hapo hakuwa na neno.

Walikuwapo waliomdhania kuwa punguani, lakini Broca hakufanya haraka kuamua. Aliketi karibu naye, akamwuliza maswali, akayatazama majibu yake. Alimwuliza amekaa Bicêtre miaka mingapi. Tan akaukunjua mkono wake mara nne, kisha akaonyesha kidole kimoja. Maana yake miaka 21, na hesabu hiyo ilikuwa sawa. Kesho yake Broca akamwuliza tena, naye akajibu vilevile. Alipoulizwa mara ya tatu, Tan alitambua kwamba anajaribiwa tu, akaghadhibika, na ile laana ikamtoka. Aliweza pia kusoma saa, na kuonyesha kwamba kwanza alipotewa na usemi, kisha mkono wa kuume ukapooza, na baadaye mguu wa kuume. Hivyo Broca akajua kwamba akili ya mtu huyu ingalipo. Aliyasikia maneno na kuyafahamu mengi. Ulimi wake ulitembea vizuri. Kilichopotea ni uwezo wa kuyaunda maneno yenyewe.

Tarehe 17 Aprili Tan alikufa. Broca akaupasua mwili wake, akautazama ubongo. Upande wa kushoto, sehemu ya mbele, aliona mahali palipooza, pamebaki shimo lenye kutosha yai la kuku. Kesho yake aliupeleka ubongo ule mbele ya wenzake wa chama. Baada ya miezi michache alipata mgonjwa wa pili, mzee wa miaka 84 aitwaye Lelong, aliyebakiwa na maneno matano tu. Mzee huyo alipokufa, jeraha likaonekana karibu mahali palepale. Broca akaendelea kukusanya habari za wagonjwa wengine, na mwaka 1865 alitangaza kwamba kwa watu walio wengi kazi ya kusema hufanywa na upande wa kushoto wa ubongo. Upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kuume. Ndiyo sababu mtu apotewaye na maneno mara nyingi hupooza kuume.

Mwaka 1874 tabibu Mjerumani, Carl Wernicke, aliongeza habari nyingine. Alieleza wagonjwa wanaosema upesi bila kukwama, lakini maneno yao hayana maana, wala hawafahamu waambiwalo. Jeraha lao liko upande wa kushoto pia, lakini nyuma zaidi, karibu na sikio. Basi ikajulikana kwamba kuunda maneno ni kazi moja, na kuyafahamu ni kazi nyingine.

Ubongo wa Tan ulihifadhiwa Paris. Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari za uchunguzi walioufanya kwa mashine ipigayo picha za ndani pasipo kukata, wakaona kwamba jeraha lilikwenda ndani kuliko alivyoona Broca. Leo twajua kwamba lugha haikai mahali pamoja tu. Sehemu nyingi zimefungamana kwa nyuzi, zikisaidiana kama watu wa shamba moja.

Lakini haifai kumsifu mtu na kuficha kosa lake. Broca alipima pia mafuvu ya watu, akadhani kwamba kwa vipimo hivyo aweza kuwapanga wanadamu kwa daraja, Wazungu juu ya watu weusi, na wanaume juu ya wanawake. Hapo alipotea, kwa kuwa ukubwa wa fuvu hauonyeshi akili ya taifa lolote. Kwa Tan alitazama kwanza, ndipo akaamua. Kwa mafuvu alikuwa amekwisha kuamua, kisha akatafuta vipimo vya kumthibitishia. Mwenye elimu naye hukosea aachapo kutazama kwa haki.

Mwaka 1880 Broca aliingizwa katika baraza kuu la nchi yake, akafa mwaka huohuo, tarehe 9 Julai, mwenye miaka 56. Sehemu ile ya ubongo yaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Habari hii yatuhusu sisi pia. Mtu akipindika mdomo ghafula, mkono ukalegea, au maneno yakamkatika, huenda ni kiharusi. Apelekwe hospitali mara moja, wala asingojwe hadi kesho. Na akipona huku maneno yake yamepotea, tusimwite mpumbavu, wala tusiseme amerogwa. Tuseme naye polepole, kwa maneno machache, tumwonyeshe vitu kwa kidole, na kumngojea ajibu. Wengi hurudiwa na maneno kidogo kidogo kwa mazoezi. Na hata asiyerudiwa nayo, yamkini anatusikia na kutufahamu, kama Tan alivyofahamu hesabu ya miaka yake.