Kabla ya Kuiga Nywele za Kimathi

Kila muhula mpya unapoanza, mzozo wa nywele hufufuka katika shule za upili za Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya. Mvulana huwasili kutoka likizoni na shungi lililoanza kujisokota, mwalimu wa nidhamu humsimamisha langoni, mzazi huitwa, na siku tatu za masomo hupotea kabla ya kinyozi kupatikana. Mwalimu hutaja kanuni za shule. Mwanafunzi naye hutaja watu mashuhuri. Zamani alimtaja Bob Marley, aliyeaga dunia mwaka 1981. Siku hizi huongeza wachezaji wa kandanda na waimbaji wa humu nchini. Lakini mvulana wa Nyeri ana jina moja ambalo mwalimu wake hawezi kulipuuza hata kidogo, nalo ni Dedan Kimathi.

Je, mtu mashuhuri anafaa kuwa kielelezo cha mvulana anayetaka kufuga nywele? Nadhani swali hili haliwezi kujibiwa kwa jumla. Yafaa tumchukue mashuhuri mmoja, tuyapitie maisha yake, kisha tuone nywele zake zilikuwa na nafasi gani humo. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa isimu, nimezoea kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba ishara haina maana peke yake. Hupata maana kutokana na mahali na wakati inapotumika. Neno lile lile huwa sifa kinywani mwa mmoja na tusi kinywani mwa mwingine. Nywele nazo ni ishara, na sheria hiyo hiyo huzihusu.

Kimathi wa Wachiuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thegenge, Tetu, wilayani Nyeri. Babake alifariki kabla hajazaliwa, akalelewa na mamake, Waibuthi, katika hali ya ukata. Alianza shule akiwa kijana wa miaka kama 15, huko Karuna-ini, na baadaye akaendelea katika shule ya misheni ya Waskoti huko Tumutumu, karibu na Karatina. Karo ilimlemea. Miongoni mwa kazi alizofanya ili aipate ni kukusanya mbegu za miti kwa ajili ya idara ya misitu, naye aliacha masomo na kuyarudia kadiri fedha zilivyopatikana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliingia jeshini kwa muda mfupi, akatoka. Akafundisha shule, akafanya ukarani, akahamahama. Kufikia mwaka 1952 alikuwa katibu wa tawi la chama cha KAU katika eneo la Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo tunauita Nyahururu.

Namwomba msomaji atue hapa kidogo. Hadi wakati huu maishani mwa Kimathi hatujaziona nywele ndefu. Tunamwona mwanafunzi aliyepigania nafasi darasani, mwalimu, karani na katibu wa chama. Sifa zilizomfanya watu wamfuate, yaani ufasaha wa kusema, kuandika na kupanga mambo, alizipata wakati kichwa chake kilikuwa hakina tofauti na cha kijana yeyote wa Tumutumu.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kimathi aliingia katika misitu ya Nyandarua pamoja na maelfu ya vijana wengine. Mwezi wa Agosti 1953 viongozi wa wapiganaji walikutana Mwathe, ndani ya msitu huo, wakaunda baraza la ulinzi lililoongozwa naye. Mwezi wa Februari 1954 liliundwa Bunge la Kenya la msituni, na Kimathi akawa waziri mkuu wake. Katika miaka hiyo ndipo nywele zake zilipokua. Msituni hakukuwa na kinyozi wala wembe wa kupoteza kwa urembo. Mvua, moshi, mafuta ya wanyama na kulala chini ya miti vilizisokota nywele za wapiganaji zenyewe. Baadaye hali hiyo ikageuka alama: aliyeonekana na nywele hizo alijulikana kuwa mtu wa msituni, na akikamatwa hakuwa na la kukana. Hakuna aliyezifuga ili apendeze.

Jambo ambalo nadhani wanafunzi wetu hawaambiwi vya kutosha ni kwamba msituni humo Kimathi alishikilia sana uandishi. Alitaka mikutano iwekewe kumbukumbu, majina ya wapiganaji yaorodheshwe, barua ziandikwe na nakala zihifadhiwe. Mmoja wa makatibu wake alikuwa Karari Njama, ambaye alikuwa mwalimu kabla ya kuingia msituni, na ambaye kitabu chake juu ya vita hivyo, alichokitunga pamoja na Donald Barnett, kilitoka mwaka 1966. Sehemu ya karatasi zilizohusishwa na Kimathi ilihaririwa na Maina wa Kinyatti na kuchapishwa mwaka 1987. Mapenzi hayo ya kalamu yalimletea hata uhasama. Stanley Mathenge, kiongozi mwingine shupavu wa Nyeri, alitengana naye, na baadhi ya waliomuunga mkono Mathenge walilalamika kwamba waliosoma walikuwa wakiwatawala wasiosoma. Wala sitaki kumfanya Kimathi malaika. Alikuwa mkali kwa watu wake mwenyewe, na wapo waliouawa kwa amri ya viongozi wa msituni kwa tuhuma ambazo leo mahakama isingezikubali. Mwenye kumchukua kuwa kielelezo hana budi kulijua hilo pia.

Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu huko Tetu, si mbali na alikozaliwa. Alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Serikali ya kikoloni ikampiga picha akiwa amelala, mikono imefungwa pingu, nywele zimetawanyika, na ikachapisha maelfu ya karatasi zenye picha hiyo ili kuwavunja moyo waliosalia msituni. Nia ya mpiga picha ilikuwa dhahiri: watu wamwone hayawani aliyenaswa. Hivyo nywele zile ziligeuzwa kuwa ushahidi wa ushenzi. Katika kambi za kizuizini, nako, kunyolewa kichwa kulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyotendewa mfungwa ili ajue kwamba hana tena mamlaka juu ya mwili wake.

Kesi yake ilisikizwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, na tarehe 27 Novemba 1956 akahukumiwa kifo. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama. Marufuku iliyowekewa Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Tarehe 18 Februari 2007, Rais Mwai Kibaki, naye mzaliwa wa Nyeri, alizindua sanamu ya Kimathi jijini Nairobi. Mchongaji hakuziacha nywele. Zile zile zilizotumiwa kumtweza mwaka 1956 zikasimama barabarani kwa heshima ya taifa. Nywele hazikubadilika, wasomaji wake ndio waliobadilika.

Lakini mlimani kwetu ishara hii ina masomo mengine pia. Kuanzia miaka ya 1990, kundi la Mungiki lilidai kuwa mrithi wa Mau Mau, na wengi wa vijana wake walisokota nywele. Mwezi wa Aprili 2009, eneo la Mathira, karibu na Karatina, lilishuhudia mapigano ya usiku baina ya kundi hilo na wanakijiji ambapo watu zaidi ya 20 waliuawa. Mzazi wa Karatina anayeshtuka kuona shungi la mwanawe si mshamba wala si mtumwa wa ukoloni. Anayakumbuka mazishi. Upande wa pili tunaye Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa kike kutoka Nyeri aliyefikia cheo cha jemadari. Yeye alizihifadhi nywele zake za msituni kwa takriban miaka 70, kwa kuwa aliona ahadi za uhuru hazijatimizwa, hadi aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta mwezi wa Aprili 2022. Alifariki Septemba 2023.

Basi, turudi kwa mvulana wetu langoni. Wahenga walisema mwiga tembo hupasuka msamba. Mvulana akiniambia anafuga nywele kwa sababu ya Kimathi, nitamuuliza amesoma nini juu ya Kimathi. Je, anajua alikosomea? Je, ameisoma hata tamthilia ya Mzalendo Kimathi, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kutokana na ile ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ya mwaka 1976? Akishindwa, basi hana kielelezo. Ana mtindo tu. Mtindo si dhambi, lakini usivishwe joho la ushujaa.

Mwalimu naye ana lake la kusikia. Kanuni ya shule ni halali yake kuilinda, lakini mkasi wa hadharani kwenye gwaride la asubuhi, mbele ya wenzake mvulana wanaocheka, ni jambo jingine. Huo hufundisha somo lile lile la kambi za kizuizini. Isitoshe, mwezi wa Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba imani ya Rastafari ni dini kama nyingine, na kwamba mwanafunzi aliyefukuzwa kwa sababu ya nywele zake za imani hiyo arejeshwe shuleni. Mwalimu asiyeuliza kwa nini kabla ya kunyoa huenda akaivunja sheria huku akidhani anailinda.

Mkesha wa kunyongwa kwake, Kimathi aliandika barua kwa Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki mjini Nyeri. Hakuomba akumbukwe, wala hakusema lolote juu ya sura yake. Alimfikiria mamake mzee na mkewe aliyekuwa kizuizini, na akaomba mwanawe apelekwe shule mapema. Mwanafunzi anayezuiwa langoni siku tatu, na mwalimu anayemzuia, wote wawili wangefaa kuisoma barua hiyo pamoja kabla ya kumtafuta kinyozi.